Mahali pa Kuliweka Gari

Mombasa ni kisiwa, na visiwa vina tabia moja ambayo wenye magari hawapendi kuikiri, nayo ni kwamba havikui. Watu huongezeka, nyumba hupandishwa ghorofa juu ya ghorofa, wenye maduka hutoa bidhaa zao nje hadi ukingoni mwa njia, na kila kukicha magari humiminika kisiwani kwa Daraja la Nyali upande wa kaskazini, kwa Makupa upande wa magharibi, na kwa kivuko cha Likoni upande wa kusini. Ilhali ardhi ya kuyapokea ni ile ile waliyokaa Thenashara Taifa, watu waliokata vichochoro vyao kwa kipimo cha punda aliyebeba shogi, wala haikuwapitikia kamwe kwamba siku moja angetokea kiumbe mwenye magurudumu manne ambaye, akisha kufika aendako, hakubali kufungwa mtini wala kuchungwa na mtoto, bali hudai apewe malazi yake ya futi kumi na tano kwa sita, hapo hapo mlangoni, tena pawe na kivuli.

Nimepata kufikiri kwamba wageni wote waliofika mji huu zamani walikuwa na bahati kutushinda sisi katika jambo hili. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, na Waarabu wa Oman waliokuja kuwatoa walifika na vyombo vyao mwezi wa Machi 1696, wakauzingira mji mpaka Disemba 1698. Na katika muda wote huo, ambao unakaribia miaka mitatu, hakuna palipoandikwa katika tarikh kuwa alitokea mtu mwenye kizibao cha manjano akauliza nahodha yuko wapi na ushuru wa nanga umelipwa na nani. Hata Waingereza walipokuja na haraka zao walitandika reli nyembamba mjini, wakapanda vigari vyenye benchi na kivuli cha turubai, wakasukumwa na watu kutoka upande wa Kilindini hadi upande wa ngome. Na kwa kuwa vigari vile vilikuwa vyepesi, nadhani suala la maegesho lilimalizwa na mabega ya wasukumaji. Mimi sina wasukumaji. Nina shemeji.

Sisi hukaa Ukunda, ng'ambo ya kusini, na katika mwezi wa mfungo mosi uliopita, watoto wakiwa likizoni, ilinibidi nitimize ahadi niliyoitoa katika Ramadhani, tena saa za alasiri, wakati ambapo mtu aliyefunga huahidi lolote ili aachwe alale. Ahadi yenyewe ilikuwa kwamba nitawachukua watoto wakaione ngome, kisha jioni tukale mihogo ya kukaanga pale Laitihausi, katika bustani ya Mama Ngina, ambako watu wa Mombasa hukaa wakipunga upepo na kutazama meli zikiingia Kilindini. Nilipoahidi nilikuwa na watoto watatu na mama yao. Siku ya safari ilipokaribia, msafara ulikuwa umeingiwa na mama mkwe wangu, aliyesema kuwa hajaiona Mombasa tangu siku nyingi na huenda hii ikawa ya kuiaga, maneno aliyoyasema pia mwaka juzi na mwaka uliotangulia. Na pamoja naye mwanawe, yaani shemeji yangu, ambaye hakualikwa na mtu, ila alikuwapo.

Baraza la kuamua chombo cha safari lilikaa usiku baada ya isha. Shemeji, ambaye katika ujana wake alipata kukaa Kibokoni kwa muda na tangu hapo hujihesabu kuwa mrithi wa mji mzima, alishauri twende kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, tupite juu ya madaraja yake, tutokee Miritini, kisha tuingie kisiwani kwa Makupa bila kuiona feri kabisa. Mama mkwe alimsikiliza mwanawe hata mwisho, kisha akaupitisha mkono wake wa kuume nyuma ya kisogo, akalishika sikio lake la kushoto, akatutazama mmoja mmoja pasipo kusema neno. Na hoja ya Dongo Kundu ikafa hapo. Mama watoto, ambaye aghalabu huwa na rai njema na aghalabu haifuatwi, alisema twende kwa matatu hadi Likoni, tuvuke kwa miguu, na ng'ambo ya pili tuchukue tuktuk. Na alipoulizwa kama tutaenea, alitukumbusha kwamba tangu kanuni za marehemu Waziri Michuki za mwaka 2004 matatu za namna ile huchukua abiria kumi na wanne, kila mtu na mkanda wake, kwa hiyo sisi saba tungekuwa nusu ya matatu, na wenye nusu wana haki ya kumwambia dereva apunguze muziki.

Ilikuwa hoja isiyo na kasoro, na ingepita, lau si sufuria. Mama mkwe hana imani na chakula kilichopikwa na watu asiowajua nasaba zao, na kwa ajili hiyo alikuwa amekwisha kudhamiria kuchukua sufuria kubwa ya mbaazi za nazi, beseni la mahamri, na birika la chai lililofungwa kanga mbili lisipoe. Na vitu hivyo, alisema, havipandi matatu. Mwenzangu aliyepata kuwa na mkwe anajua kwamba katika hali kama hiyo jibu la mkwe mume ni moja tu, nami nililitoa: "Naam, mama." Basi gari likachukuliwa kwa ajili ya sufuria, na watu wakafuatana nayo.

Tulifika Likoni jua limekwisha kupanda, tukaukuta msururu wa magari umelala barabarani kupita upeo wa macho. Kivuko hiki chafanya kazi tangu mwaka 1937, na upana wa maji yale ni takribani nusu kilomita tu, kiasi ambacho mtu wa ng'ambo ya pili akivaa kanzu mpya utamjua. Na bado sijaona mahali pengine duniani ambapo nusu kilomita ina uwezo wa kula asubuhi ya mtu. Tulipokuwa tukisogea hatua kwa hatua, mama mkwe alitoa kichwa dirishani, akaipima feri kwa jicho, akauliza kama ni kweli kwamba gari huingia humo na watu wakiwa ndani yake.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Twaingia na gari, twakaa, twatokea upande wa pili."

"Mwanangu," akasema kwa upole wa mtu anayemwonya mgonjwa, "mimi sipandi chombo ndani ya chombo. Kimoja chatosha kumwua mtu. Viwili ni kumtania Mungu."

Hapakuwa na la kujadili. Akashuka, akamwita binti yake, akawachukua wajukuu wake kwa mikono, wakaingia katika umati wa waendao kwa miguu, ambao huvuka bure, wala hawangoji msururu. Na mimi na shemeji na sufuria tukabaki kulipia gari kwa kadiri ya ukubwa wake. Feri ile iliwachukua. Feri ya pili ilijaa malori mbele ya macho yetu. Feri nyingine ilikuja, ikapisha gari la wagonjwa, na kwa kuwa gari la wagonjwa lina haki yake hatukusema kitu, ila shemeji aliuliza kwa sauti ya chini kama hatuwezi kumlaza yeye kiti cha nyuma. Simu ikalia. Alikuwa mama watoto, na nyuma yake nikasikia wanangu wakicheka.

"Tumekwisha kufika, tumekaa kivulini, tumekula machungwa. Mama auliza mko wapi."

"Tuko Likoni."

"Bado?"

"Bado."

Pakawa na kimya, kisha nikamsikia mama mkwe akiuliza kwa mbali kama mbaazi zi salama.

Tulipokutana ng'ambo ya pili walikuwa wamepumzika na sisi tumechoka, jambo ambalo kwa wasafiri wa msafara mmoja si la kawaida. Tukapanda Barabara ya Nyerere, tukaingia Nkrumah, tukaelekea ngomeni, na hapo ndipo ilipoanza sehemu ya safari ambayo watu huiita kutafuta maegesho, lakini kwa hakika ni tawafu isiyo na thawabu, kwani mtu huzunguka majengo yale yale akiwaangalia wenzake wanaozunguka naye, kila mmoja akimwombea mwingine aondoke. Nilijifunza kusoma nyuso. Mtu akitoka dukani ameshika ufunguo, nyuma yake husimama magari manne yakingoja. Naye, badala ya kuondoka, hufungua mlango, hutwaa miwani yake, hufunga mlango, hurudi dukani. Sijui kama sheria ina adhabu kwa kosa hilo. Ingekuwa nayo.

Karibu na bustani ya Treasury alitokea kijana mwenye kizibao cha kung'aa, akakimbia mbele ya gari akipunga mikono yote miwili, akatuonyesha nafasi iliyo wazi baina ya pikapu moja na mkokoteni wa madafu. "Leta, mzee, leta! Kata! Kata yote! Nyoosha! Bado! Bado! Bado!" Neno lile la tatu halikuwa limekwisha mdomoni mwake madafu yalipoanza kushuka. Hayakuvunjika mengi, mengi yalibingirika. Mwuza madafu, aliyekuwa mtu wa haki, aliyahesabu yaliyopasuka na yaliyopotea chini ya magari, akanidai bei ya madafu yale pasipo kunitukana, na wanangu wakayanywa yaliyopasuka, kwa hiyo hasara ile naweza kuiandika katika fungu la vinywaji. Kijana naye alitaka shilingi mia moja ya kuliangalia gari, akapewa. Mara mlango mkubwa wa chuma ambao nilikuwa nimeudhania ukuta ukafunguka nyuma yetu, likatoka lori la maji likipiga honi, na mlinzi wake akauliza ni nani aliyetuambia kuwa mbele ya lango ni mahali pa kuegesha. Tukageuka kumwonyesha. Kijana hakuwapo. Kizibao chake tu ndicho kilichoonekana kwa mbali, kikimkaribisha mwingine: "Leta, mzee, leta!"

Hapo shemeji alikohoa kikohozi ambacho nimekwisha kukijua, nacho ni utangulizi wa maarifa. Akasema alikuwa akitungoja tuchoke wenyewe, kwani yeye ana mahali pake Kibokoni, mahali ambapo wenyeji tu ndio wanaopajua, hapana ushuru, hapana mlinzi, na kuna kivuli cha mwarobaini. Ila njia yake ni nyembamba. Juu ya wembamba wa njia alisema kweli. Tulikwenda nyuma ya mkokoteni wa maji kwa mwendo wa mwenye mkokoteni, ambaye kila baada ya milango miwili alisimama kushusha madumu na kujua hali ya wenye nyumba, na vibaraza vilikuwa karibu hata mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa aliondoa kikombe chake juu ya kioo chetu cha pembeni bila kukatiza mazungumzo. Mwisho njia ikafunguka, tukatokea katika kiwanja kidogo kilichozungukwa na nyumba, kitupu, kimefagiwa, chenye mwarobaini katikati na kivuli kilichoenea.

Nafasi iliyo wazi, yenye kivuli, katikati ya Mombasa, siku ya Jumamosi, lazima iwe na sababu yake. Nililisema hilo. Nilionyesha pia kwamba kando ya ukuta palikuwa na rundo la miti mirefu na kamba, na maturubai yaliyokunjwa. Shemeji akasema hizo ni kamba za kuanikia nguo. Kikongwe mmoja aliyekaa barazani alituuliza, "Mwakaa sana?" Nikamwambia saa mbili, au tatu zikizidi. Akatazama gari, akatazama miti, akacheka cheko fupi la meno mawili, akasema, "Haya. Mungu awaafiki."

Ya ngomeni sitayasema mengi, kwa kuwa kila aliyesoma shule amekwisha kuyasikia, na ngome haikutufanyia lolote baya. Watoto walipanda juu ya mizinga, kisha wakakatazwa kupanda juu ya mizinga. Mama mkwe alisita mlangoni aliposikia kuwa kuingia kuna kiingilio, kwani ngome ile ilikuwa gereza tangu mwaka 1895 hata 1958, kabla ya kufanywa makumbusho, na yeye anakumbuka ya kuwa ami yake aliingizwa humo akalala miezi sita bila kudaiwa senti.

Tuliporudi Kibokoni, alasiri imekaribia, tulianza kuisikia sababu ya nafasi ile kuwa wazi kabla hatujaiona. Zilikuwa ngoma, makofi, na vigelegele. Kiwanja chote kilikuwa kimegeuka hema, maturubai juu, mapazia ya maua pande zote nne hadi chini, na katika uwazi mmoja uliofanywa mlango alikaa mama wa makamo, kanga kiunoni, fimbo mkononi, mwili wake umeuenea mlango barabara. Ilikuwa siku ya hina ya bi harusi wa nyumba moja ya jirani. Nililitazama hema nisilione gari. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikaubonyeza, na kutoka ndani kabisa, karibu na ilipokuwa ngoma, gari langu likaitika mlio wake wa siku zote. Na wanawake, wakidhani ni mojawapo ya mambo ya sherehe, wakalijibu kwa vigelegele.

Sina haja ya kumweleza msomaji wa pwani uzito wa jambo hilo. Kwa yule wa bara nitasema kwa ufupi kwamba siku ya hina ni ya wanawake, chakacha hupigwa na wanawake na kuchezwa na wanawake, mabuibui yamevuliwa, na mwanamume atakayevuka pazia lile, awe na ufunguo au awe na hati ya mahakama, jina lake halitatajwa kwa heri katika mitaa ile mpaka wajukuu zake waoe. Hata hivyo nilisogea kwa taadhima, macho yameinama, nikampa salamu mwenye fimbo, naye akaitikia vizuri.

"Bibi, samahani sana. Gari langu limo ndani."

"Limo," akakubali. "Nasi tumo."

"Nilikuwa nataka kulitoa."

"Waenda nalo wapi?"

"Ukunda."

"Ukunda yahama?"

Nikasema haihami. "Basi utaikuta," akasema, akalivuta pazia.

Sasa tazama jinsi majaliwa yalivyotupanga. Wanaojua kuendesha gari katika msafara wetu walikuwa mimi na shemeji, na sisi ndio tusioweza kuingia. Walioweza kuingia walikuwa mama watoto, mama mkwe na watoto, na hao, hata mmoja wao, hajui breki ni ipi. Tukafanya shauri: wanawake wetu waingie na ufunguo, wazungumze na wenye harusi kwa ulimi mtamu, ikiwezekana upande mmoja wa hema ufunguliwe, na wageni wajifunike kwa muda wa dakika mbili nami niingie nimefumba macho, shemeji akiniongoza kwa sauti kutoka nje, rai hii ya mwisho ilikuwa ya shemeji. Mama mkwe akavua viatu, akasema "Hodi," akaingia. Mama watoto akamfuata na mabinti. Pazia likafungwa. Ngoma zikapungua kidogo, pakawa na minong'ono, kisha kicheko kikubwa kikapasuka, kisha ngoma zikarudi kwa nguvu kuliko kwanza. Na tangu hapo hatukumwona tena hata mmoja wa wajumbe wetu.

Habari za ndani zilitufikia kwa kinywa cha kitinda mimba wangu, mtoto wa kiume ambaye umri wake bado unamruhusu kuwa mtu wa pande zote mbili. Alitoka mara ya kwanza na sambusa, akasema bibi amekutana na mtu ambaye mama yake alikuwa shoga wa shangazi yake. Alitoka tena na kipande cha halua, akasema masinia yamepangwa juu ya gari, na boneti limetandikwa kitambaa cheupe, na buti limefunguliwa, mbaazi za bibi zimetolewa, zinasifiwa. Nikamwuliza mama yake amesema nini kuhusu kulitoa gari. Mtoto akafikiri. "Anatiwa hina," akasema.

Katika hali hiyo, mimi na shemeji tumekaa barazani pamoja na yule kikongwe mwenye meno mawili, aliyekuwa na adabu ya kutotukumbusha kitu, akafika mkaguzi wa maegesho. Huyu alikuwa mkaguzi wa kweli, ana kitambulisho kifuani, mashine mkononi, na begani amebeba ile pingu ya chuma wanayofunga magurudumu, nzito kwa kumtazama tu. Alikuwa ameambiwa kuna gari geni Kibokoni lisilolipiwa. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaelekea hemani kwa hatua za mwenye mamlaka, na mwenye fimbo akamngoja.

Sikuyasikia yote waliyosemezana. Nilisikia neno "sheria," na jibu lililokuwa refu kuliko neno hilo, ndani yake mkiwa na swali kama yeye ana mama. Akarudi pole pole, akaiweka pingu chini, akakaa karibu yetu. Nilimwonea huruma, maana kiserikali hali yake ilikuwa mbaya kuliko yangu: mimi nilikuwa na gari nisiloweza kuliendesha, lakini angalau nilijua namba yake, yeye alikuwa na kosa asiloweza kuliona. Tukazungumza. Tukagundua kwamba yeye huja kazini kwa miguu, kwa kuwa hana mahali pa kuweka baiskeli. Si muda mrefu pazia likatikisika, likatoka sinia kubwa la pilau pamoja na kachumbari, na mtoto wangu akitangaza kwamba limeletwa kwa ajili ya "wanaume wa gari." Mkaguzi akatazama kando kwa staha. Tukamwambia karibu; akasema ameshiba; tukamwambia bismillahi; akanawa. Alipokwisha kula akaifuta mikono yake, akaitazama mashine kwa muda, akatoa hukumu ambayo naamini yafaa kuandikwa katika vitabu vya kanuni, kwamba gari lisiloonekana halijaegeshwa. Akaitwaa pingu yake, akaondoka.

Magharibi ilipoadhiniwa wanawake wetu walitoka, viganja vimechorwa, nyuso zimekunjuka, mama mkwe akinuka udi tangu kichwani. Nikamwuliza, kwa unyenyekevu wa kawaida, habari za gari.

"Gari lina kazi," akasema. "Wana kesha. Nimewaahidi kuwa halitoki mpaka asubuhi, maana wakiliondoa masinia hawana pa kuyaweka."

Basi tukarudi kama vile mama watoto alivyoshauri tangu usiku wa baraza, jambo ambalo alilitaja mara moja tu, na namshukuru kwa hilo. Tuktuk mbili, ambazo kila moja huchukua watu watatu na safari ile zilichukua saba, zilitushusha Laitihausi, tukala mihogo kwa pilipili na ndimu, tusimtazame mtu anayezunguka kutafuta nafasi isipokuwa kwa huruma. Kutoka hapo tukashuka hadi kivukoni, tukaingia ferini bila kulipa, mama mkwe akasimama mbele kabisa akishika chuma, chombo kimoja tu chini ya miguu yake, akiyasifu maji. Matatu ilikuwa ikingoja abiria Likoni. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa amekuja mjini na gari lake siku ile, na ambaye tulimwacha katika msururu akituuliza kwa ishara gari letu liko wapi, alifika Ukunda sisi tumekwisha kulala.

Nilirudi Kibokoni siku ya pili yake asubuhi peke yangu. Hema lilikuwa limekwisha kung'olewa, kiwanja kimefagiwa, na gari lilikuwa mahali pake chini ya mwarobaini, limejaa asumini kwenye vioo, na juu ya mlango wa dereva mna vidole vitano vya hina, vidogo, ambavyo mafundi wawili wamekwisha kuniambia havitoki. Chini ya kifuta mvua palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Niliichukua kwa moyo mzito, nikidhani ni hati ya faini. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Ahsante kwa meza."

Nilipofungua buti nyumbani niliikuta sufuria yetu imeoshwa, na ndani yake sahani mbili za kaure zenye ukingo wa samawati ambazo si zetu, na sinia moja la shaba. Mama mkwe asema aliviweka humo visivunjwe na wachezaji, kisha akasahau. Vyombo hivyo vi salama, na nawaomba wenyewe, ikiwa maneno haya yatawafikia, waje Ukunda wavichukue siku yoyote wapendayo, mbaazi zitapikwa. Ila tafadhali waje kwa feri na matatu, kwa kuwa mbele ya nyumba yangu nafasi ni moja tu, nayo ina gari.